Maji Yanayopanda: kutoka bonde la Juba hadi ndoo ya mama

Nilikuwa nimeahidi kuendelea na habari za hifadhidata. Hifadhidata zitangoja kidogo. Juzi nimerudi Nairobi kutoka nyumbani Garissa na kichwani nina jambo moja tu: ndoo.

Mama anaishi Bulla Iftin. Amepanda sukuma wiki kwenye ndoo za lita 20 zilizotobolewa chini, kama wafanyavyo wengi pale mjini. Asubuhi anamwagilia, saa sita udongo umeshakauka na majani yamelala, jioni anamwagilia tena. Maji ya bomba yakikatika siku mbili, shamba lote limekwisha. Nilipofika likizo ya Desemba alinikalisha chini akaniuliza: "Hooyo, wewe uliyesomea tarakilishi miaka minne, huwezi kuifanya hii ndoo ijinyweshe yenyewe?" (Kwa wasiojua: kwa Kisomali "hooyo" ni mama, lakini mama naye humwita mwanawe hivyo hivyo.)

Mimi kama mtu wa programu nikaona mara moja la kufanya. Kihisi cha unyevu, pampu ndogo, ubao wa saketi, na ujumbe mfupi kwenye rununu ya mama ndoo ikikauka. Nilichora mchoro mzima kwenye daftari. Kisha nikaanza kuhesabu: umeme unapotea, jua la Garissa linapika kila kitu cha plastiki, na maji yenyewe yana chumvi inayokula vyuma. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona aibu. Swali la mama lilishajibiwa zamani, kabla ya umeme, na jibu mojawapo lilikuwa jirani yetu kabisa. Basi leo nawapa historia hiyo.

UTAMBI WA KOROBOI

Sote tuliosoma kwa koroboi tunajua kazi ya utambi. Mafuta yako chini kwenye kopo, moto uko juu, na hakuna pampu. Mafuta yanapanda yenyewe kupitia kitambaa. Moto ukila mengi, yanapanda mengi. Ukizima taa, yanaacha kupanda. Hakuna anayeamrisha.

Mwaka 1718 daktari Mwingereza aitwaye James Jurin alieleza kanuni yake: mrija ukiwa mwembamba zaidi, maji hupanda juu zaidi. Hesabu yake ni rahisi. Mrija wa kioo wenye kipenyo cha milimita 1 hupandisha maji kama sentimita 3. Ukiupunguza hadi sehemu moja ya kumi ya milimita, maji hupanda kama sentimita 30. Jambo hili liliendelea kuwasumbua wakubwa. Makala ya kwanza ya kisayansi ya Albert Einstein, iliyochapishwa mwaka 1901, ilihusu jambo hilihili la maji na mirija myembamba.

Udongo nao ni mirija. Nafasi kati ya chembe na chembe ni vinjia vyembamba visivyonyooka. Mchanga mnene una vinjia vipana, kwa hiyo maji hayapandi mbali. Mfinyanzi una vinjia vyembamba sana, maji hupanda mbali lakini polepole mno. Udongo mzuri wa bustani uliochanganywa na samadi uko katikati. Ndiyo maana wanaotengeneza vyombo vya namna hii husema udongo ulio juu ya maji usizidi sentimita 30 hivi. Ukizidi hapo, mizizi michanga ya juu itakufa kiu huku tangi limejaa.

Wenzangu wa programu wataelewa haraka: kuna mfumo unaosukuma na mfumo unaovutwa. Kumwagilia kwa kopo ni kusukuma. Unapeleka maji kwa ratiba yako, mmea uwe unayataka au hauyataki, na jua linachukua ushuru wake kwanza. Utambi ni mfumo wa kuvutwa. Mmea ukipumua maji kupitia majani, udongo unakauka kidogo, na udongo mkavu unavuta mengine kutoka chini. Mtumiaji ndiye anayeomba.

Ushuru wa jua kwetu si mdogo. Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 hadi 400 kwa mwaka, na jua lina uwezo wa kukausha zaidi ya milimita 2,000 katika mwaka huohuo. Maji yaliyo juu ya udongo ni mali ya jua. Yaliyo chini, angalau mmea una nafasi ya kuyagombania.

MTO ULIPOKUWA NDIYO NDOO

Watu wa mito yetu miwili walilijua hili bila Jurin.

Kwenye bonde la Juba, ng'ambo ya mpaka, kuna mabonde madogo ya asili yanayoitwa kwa Kisomali dhasheeg. Mto ukifurika, maji huingia humo. Yakianza kupungua, mkulima hufuata ukingo wa maji na kupanda mahindi na ufuta kwenye matope yaliyobaki. Hamwagilii. Mmea unakunywa unyevu uliohifadhiwa chini, na mizizi inaufuata unavyoshuka. Upande wetu, Wapokomo wa Mto Tana kwa vizazi vingi wamepanda mpunga, mahindi na migomba kwa kufuata mafuriko kwa namna hiyohiyo.

Wakulima wengi wa Juba wana historia inayotuhusu sisi wasemaji wa Kiswahili. Wazee wao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pwani na bara ya nchi ambazo leo ni Tanzania, Msumbiji na Malawi: Wazigua, Wayao, Wamakua na wengine. Waliotoroka walijificha kwenye misitu ya Juba wakalima. Hadi leo kuna wazee wa huko wanaozungumza Kizigua. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991 na vita kusambaa, walikuwa miongoni mwa waliopoteza kila kitu, kwa sababu ghala la mkulima halikimbii kama ngamia. Wengi waliishia Dadaab. Baadhi walikwenda Tanzania, na wengine walipewa makao Chogo, wilaya ya Handeni, nchi ya mababu zao. Marekani ilikubali kuwapokea takriban 12,000, na safari zilianza mwaka 2003.

Kwa nini nawaeleza haya kwenye makala ya ndoo? Kwa sababu wasimulizi wengi wa teknolojia huanza na mvumbuzi mmoja na hataza yake. Ujuzi wa kulima kwa maji ya chini ulifika Dadaab ndani ya vichwa vya watu waliokuja kwa miguu. Kilichokosekana kilikuwa mto.

PAMPU NA MTO ULIOHAMA

Serikali nazo zilikuwa na njia yao, na njia yao ilikuwa kusukuma.

Mradi wa umwagiliaji wa Hola, chini ya mto kutoka Garissa, ulianza miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo kwa sababu ya kukataa kazi ya lazima. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni lilidai kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maji ndiyo yalisingiziwa. Uongo huo haukudumu, na Hola ikawa aibu kubwa ya Uingereza bungeni mwao.

Baada ya uhuru pampu ziliendelea. Lakini Tana si mto wa kutulia mahali pamoja, na mwaka 1989 ulihama njia yake, pampu za Hola zikabaki zinatazama mchanga. Mradi mkubwa zaidi wa Bura, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulipangiwa hekta 6,700 ukaishia karibu 2,500, na dizeli na vipuri vikala faida.

Wakati huohuo, juu mtoni mabwawa yalijengwa: Kindaruma mwaka 1968, kisha Kamburu na Gitaru, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Yametupa umeme, pamoja na huu unaoendesha tarakilishi ninayoandikia, siwezi kuyalaani. Lakini mafuriko ya kawaida yaliyokuwa yakilowesha mashamba ya ukingoni yalipungua, na aliyekuwa analima kwa kufuata maji akapoteza saa yake.

MTUNGI, PLASTIKI NA MTU WA PROGRAMU

Sasa twende mbali kidogo. Uchina, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mtaalamu wa kilimo Fan Shengzhi aliandika jinsi ya kuotesha matikiti: zika mtungi wa udongo ambao haukupakwa rangi, ujaze maji, ufunike, panda mbegu kandokando. Mtungi wetu wa maji ya kunywa unatoka jasho, sivyo? Jasho hilohilo likiwa ardhini hunywewa na udongo. Udongo ukiwa mkavu huvuta kwa nguvu, ukilowa huacha. Koroboi ileile.

Karne nyingi baadaye, miaka ya 1990, Blake Whisenant, mkulima wa nyanya wa Florida, alitoa sanduku la plastiki liitwalo EarthBox: maji chini, udongo juu, nguzo za udongo zinazoshuka hadi kwenye maji kama tambi, na kifuniko cha plastiki kuzuia jua. Katika miaka ya 2000 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitumia masanduku hayo katika mradi wa shule ulioitwa The Growing Connection, Ghana ikiwemo, ambapo wanafunzi waliotesha mboga na kulinganisha matokeo yao kwa intaneti na wanafunzi wa nchi nyingine.

Lakini aliyenifanya nisimame kitini ni Mwaustralia Colin Austin. Huyu ndiye anayetajwa zaidi kwa vitanda vya utambi: shimo au sanduku lililotandikwa plastiki, maji yakae chini, udongo uvute. Na kazi yake ya awali? Programu! Mwaka 1978 alianzisha Moldflow, kampuni ya kuandika programu za kukokotoa jinsi plastiki iliyoyeyuka inavyotiririka ndani ya kalibu. Ndoo ya mama, kiti cha plastiki cha kibandani, huenda kalibu zake zilipimwa kwa programu za aina hiyo. Kampuni ilinunuliwa na Autodesk mwaka 2008. Austin mwenyewe alikuwa amehamia kwenye swali jingine la mtiririko: maji kwenye udongo wa nchi kame, akiwaza pia Afrika na mvua zake zisizotabirika.

Yaani mtu aliyetumia maisha yake kuandika programu za mtiririko, alipofika kwenye kiu, alichimba shimo na kutandika plastiki. Hakuweka kihisi. Nilifunga daftari langu la michoro.

GUNIA LA DADAAB

Turudi nyumbani. Kambi za Dadaab, Ifo mwaka 1991 kisha Dagahaley na Hagadera, zilipangwa kwa watu 90,000. Mwaka wa njaa, 2011, zilipita watu 400,000. Mgao wa chakula ulikuwa nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Mboga za majani hazimo, kwa sababu haziwezi kupakiwa melini kutoka ng'ambo. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na ardhi ya kulima hakuwa nayo.

Kilichokuwepo ni mabaki ya mgao wenyewe: magunia matupu na makopo matupu ya mafuta. Katika miaka ya 2000 shirika la Kijerumani GTZ lilisambaza Dadaab bustani za ghorofa. Maelezo yake yanatosha mistari michache. Chukua gunia, weka kopo lisilo na kitako wala kifuniko katikati, lijaze mawe, jaza udongo na samadi pembeni. Vuta kopo juu, mawe yabaki, lijaze tena, hadi gunia lisimame na nguzo ya mawe tumboni. Toboa mashavu ya gunia, panda mchicha na sukuma wiki humo, nyanya juu. Maji yaliyooshea vyombo au nguo yanamwagwa kwenye mawe. Mwaka 2008 bustani za magunia zilionekana pia Kibera, zikiungwa mkono na shirika la Kifaransa Solidarités.

Gunia si ndoo ya utambi hasa, maana maji yanaingia kwa juu. Lakini nguzo ya mawe inayapeleka ndani, mbali na jua, na kutoka hapo udongo unayavuta kwenda pembeni kwa kanuni ileile ya Jurin. Kasoro yake ni kitako. Gunia linavuja, kinachozidi kinapotea mchangani. Ukiliweka gunia hilo ndani ya beseni, au ukibadili gunia kwa jerikeni lililokatwa, umefika kwenye ndoo inayojinywesha.

CHUMVI NA MBU

Hapa ndipo nawaomba msome polepole, kwa sababu video nyingi za mtandaoni zinatoka nchi za mvua na haziyasemi haya.

La kwanza ni chumvi. Dadaab inakunywa maji ya visima virefu vinavyofika kwenye hifadhi ya chini ya ardhi iitwayo Merti, inayoanzia upande wa Merti na Habaswein hadi mpakani. Katikati yake maji ni matamu, kandokando yana chumvi. Sasa kumbuka mfumo wetu unakwenda njia moja: chini kwenda juu. Maji yanapaa hewani, chumvi haipai. Kila lita inaacha kidogo, na baada ya miezi unaona ukungu mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua. Ni kumbukumbu inayojaa bila kufutwa. Dawa ni kusafisha: mara moja moja mwaga maji mengi kwa juu, ikiwezekana ya mvua, toboa kitako kwa muda, acha chumvi itoke. Nchi yenyewe hutufundisha hili. Penye maji ya chumvi karibu na uso wa ardhi na jua kali, ardhi huota chumvi bila mtu kuipanda.

La pili ni mbu. Tangi la maji lililo wazi ni hospitali ya uzazi ya mbu. Mandera ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2011 na wa chikungunya mwaka 2016, na mbu wa magonjwa haya hupenda kuzaliana kwenye vyombo vya maji vya nyumbani. Kwa hiyo mrija wa kujazia uwe na kifuniko, na tundu la kumwagia liwe na kitambaa cha chandarua. Usimkinge mtoto na upungufu wa mboga ukamletea homa.

NDOO YA MAMA

Desemba ile nilitengeneza ndoo mbili. Ndoo ya ndani imeingia ndani ya nyingine, chini kumebaki nafasi ya lita 5 hivi. Kikombe cha plastiki kilichotobolewa kimejazwa udongo na kushuka hadi kwenye maji, huo ndio utambi. Bomba la nusu inchi la kujazia. Nikapanda, nikaondoka kwa kiburi.

Baada ya wiki tatu mama akapiga simu. Majani yamekuwa ya njano na ndoo inanuka. Nikamwambia apunguze maji. Akasema, "Nipunguze vipi na mimi sioni ndani?" Kosa lilikuwa langu: sikutoboa tundu la kutokea maji yanapozidi. Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na mimi niliizamisha. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kuangalia mpaka wa safu, mimi nilisahau mpaka wa ndoo. Fundi wa baiskeli wa mtaani alitoboa tundu kwa msumari wa moto, chini kidogo ya udongo, na kazi ikaisha. Tundu hilo lina faida ya pili: maji yakianza kutoka, mama anajua tangi limejaa. Ujumbe mfupi wa rununu haukuhitajika.

Juzi nilipokwenda, ndoo hizo mbili zilikuwa zinajazwa mara moja kila siku tatu, huku zile za zamani zikimwagiliwa mara mbili kwa siku. Ni ndoo mbili tu za nyumba moja, msiziite utafiti. Lakini bomba lilikuwa limekatika siku mbili, na sukuma wiki ilikuwa imesimama.

Mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022. Ndoo isingerudisha ngamia hata mmoja wa waliokufa, na mtu anayewauzia wafugaji ndoo kama dawa ya ukame anawadanganya. Ndoo ni ya kiasi cha mboga za chungu kimoja, kwa mtu mwenye maji kidogo na ardhi isiyokuwepo. Watu wa namna hiyo Garissa ni wengi, na Dadaab ni wengi zaidi. Mwaka 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika wa kugeuza kambi kuwa miji inayochanganya wenyeji na wakimbizi. Mji utahitaji mboga, na nyuma ya nyumba nyingi za huko tayari kuna mtu anayejua kulima kwa maji ya chini tangu Juba.

Mama sasa anataka ndoo sita. Nimemwambia nitakuja nizitengeneze. Akanijibu kwamba fundi wa baiskeli ameshamtengenezea tatu.

Aliyejaribu Wajir, Mandera au hata Lamu aniandikie, hasa kuhusu chumvi. Wiki ijayo, inshallah, hifadhidata.